Mali ya Kudumu

Kila Desemba, kabla ya kufunga vitabu,
sheria inanitaka nipande mlimani
nikahakikishe kwamba tulichonacho bado tunacho.
Navaa buti za marehemu baba, nachukua kalamu ya risasi,
maana wino huganda.

Mimi ni Ombretta, karani wa hesabu wa Pralon,
kijiji cha watu mia nne na kumi,
ukihesabu na walio kwenye nyumba ya wazee kule bondeni.

Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza:
njia ya sleji, zege na barafu, kona kumi na tisa.
Thamani: milioni sitini na moja.
Barafu haipo. Thamani ipo.
Nilimuuliza mkaguzi aliyetoka mjini, akasema usiifute,
ukiifuta kijiji kitakuwa kimefilisika.
Basi naiandika kila mwaka, kwa mwandiko mzuri.

Kona ya kwanza. Hapa alisimama meya na kipaza sauti:
mgeni njoo, alisema, mwenyeji apone.
Tukampigia makofi na glavu mikononi,
sauti yake kama mikate inayodondoka sakafuni.
Gharama zilipozaa mapacha, na mapacha nao wakazaa,
alisema maji tumekwisha kuyavulia nguo.
Hakuna aliyemkumbusha baridi ya huku.

Kona ya nne. Misonobari ile inayogeuka manjano Oktoba
na kupukutisha sindano zake kama mtu anayevua shati.
Visiki vyake nilivihesabu mimi.
Elfu mbili mia tatu na sita.
Nililipwa kwa kisiki, na sikukataa.

Kona ya saba. Nyaya za shaba zimeibwa tena.
Namjua mwizi. Ndiye aliyezitandaza:
Duilio, fundi, miezi minne bila mshahara,
na kampuni iliyomwajiri ilikufa wiki moja
baada ya mwenge kuzimwa.
Kwenye safu ya mhusika naandika: hajulikani.

Kutoka kona ya kumi na moja unaliona bwawa.
Lilichimbwa katika malisho ya Gasparina,
kwa sababu wiki ile ya michezo mbingu zilikuwa kavu
na mashine zilihitaji kunywa ili ziteme theluji.
Ziliteme usiku na mchana, mstari mmoja mweupe
juu ya mlima wa kahawia,
kama bandeji kwenye mguu usioumwa.
Chemchemi ya birika la ng'ombe ilianza kukohoa Machi.
Gasparina aliuza wanane, akabaki na watatu,
akawapa majina ya wale waliouzwa.
Sina safu ya chemchemi. Nimetafuta.

Nives alijenga vyumba sita kwa mkopo.
Wageni walilala usiku tisa,
kisha wakasema barabara yetu ina kona nyingi mno.
Wao, waliokuja kutazama kona.
Mkopo utaisha mwaka atakaotimiza themanini na moja.
Taulo bado zina nembo; ananipa mbili kila Krismasi.

Amonia ilinyonywa na watu waliovaa vinyago.
Hawakutuambia tusivute pumzi, sisi tuliokuwa tukiwatazama.

Leo lakini theluji halisi imeanguka, bila mwaliko,
bila mdhamini, juu ya zege lote,
na nilipofika kona ya kumi na mbili nikasikia kelele:
wajukuu wa Nives, watatu juu ya gunia la lishe,
wakipita masikioni mwangu kama kitu kilichorushwa.
Signora, toka njiani!
Nikatoka.
Nikawauliza wanafika wapi.
Kona ya kumi na nne, walisema, pale zege lilipopasuka.
Kisha tunashuka, tunatembea.

Kwenye safu ya hali ya mali niliandika: inatumika.
Nikapuliza vidole, nikaenda mstari wa pili:
vyoo vya wageni, arobaini.